Mlango wa Kasri la Vitabu

Mwenye kutaka kuijua nchi ya Hifadhini asiulize watu wake wana nini. Aulize wamekiweka wapi. Ilikuwa nchi tambarare, nyeupe kwa chumvi upande wa ziwa na kijani kwa mtama upande wa vilima, na watu wake walijifaharisha mbele ya mataifa kwa sifa moja: hawakuharibu kitu. Sahani nzuri zilikaa kabatini, na mgeni, hata awe na cheo cha namna gani, alipakuliwa katika ile yenye ufa. Gauni la arusi lilikunjwa likatiwa karafuu, na bibi arusi akaolewa na la kuazima ili lake lisichakae. Miaka ikapita, mwili ukajaa, gauni likabaki jipya na mwenyewe haliwezi tena. Viti vilivikwa vitambaa, na vitambaa vikafunikwa vitambaa vingine, na wenye viti wakaketi mkekani. Walipokutana njiani hawakuulizana hali. Mmoja alisema, "Umetunza?" na mwenziwe akajibu, "Nimetunza, akiba haiozi." Wakapita, kila mtu na njia yake, na roho zao kunjufu.

Katika mji wao mkuu, ulioitwa Komeoni, palikuwa na Kasri la Vitabu, jengo refu la mawe lenye mlango wa mninga na misumari ya shaba. Humo wahenga walikuwa wamekusanya kila lililopata kuandikwa: elimu ya nyota na ya mimea, sheria na mashairi, habari za wafalme na hadithi za wapishi. Wahenga hao walikuwa wameandika juu ya mlango kwa herufi kubwa kwamba nyumba hiyo ni mali ya umma. Umma uliyasoma maneno hayo kila ulipopita, nao ukapita.

Maana zamani, siku moja, Mtunza Mkuu wa Kasri alikuta kitabu kimoja kilichopendwa sana na watu kimepauka wino wake, herufi zimekuwa kama vivuli. Kitabu kile kilikaa dirishani, na jua la Hifadhini halina huruma; lakini hakuna aliyelishuku jua. Mtunza Mkuu aliwaza, akawazua, akatoa rai iliyopokewa kwa taadhima na wakuu wote: kwamba kitabu ni kama mtungi, na kila msomaji ni kata, kila jicho lipitalo juu ya mstari huondoka na chembe ya maana, na kitabu kikisomwa na wengi, siku ya mwisho kitabaki jalada na karatasi. Watu wa nchi nyingine wangecheka. Watu wa Hifadhini, waliokula katika sahani zenye ufa, waliona ni hekima tupu.

Tangu hapo ikatungwa sheria ya saa. Kasri lilifunguliwa umande ukishakauka ngazini, likafungwa kivuli cha paa kilipogusa lango. Saa hizo, bila kukosa hata moja, ndizo ambazo wakulima walikuwa katika mashamba ya mtama na wavuna chumvi walikuwa majarubani, kwenye vidimbwi vya kukaushia chumvi. Siku za mvua, ambapo chumvi haikauki na watu hukaa bure wakipiga miayo, Kasri lilifungwa kwa sababu ya unyevu. Siku za sikukuu lilifungwa kwa sababu ya heshima. Na yule aliyebahatika kufika saa yenyewe, alikutana na swali la mlangoni: ilimpasa aeleze kilichomo katika kitabu anachokitaka, ili ijulikane kwamba anastahili kupewa. Akieleza vyema, aliambiwa, "Basi unakijua, huna haja nacho." Akishindwa, aliambiwa, "Basi hukijui, huna haki nacho." Kwa njia hiyo vitabu vilikaa salama salimini, na kila mwaka Mtunza Mkuu alivishwa joho jipya, ambalo kwa kawaida ya nchi hakulivaa.

Mtunza Mkuu wa wakati wa hadithi hii aliitwa Bwana Hadhari. Si mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, safi, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na vitabu alivipenda kwa mapenzi ya kweli. Alivijua kwa migongo yake vyote, rangi na unene na harufu. Ndani ya hata kimoja hakuwahi kuingia, maana aliona aibu kuwa yeye wa kwanza kuviibia.

Upande wa ziwa kulikuwa na mtaa uitwao Jashoni, na huko aliishi Mzee Saburi na binti yake Bi Shauku. Wote wawili walikuwa watu wa chumvi. Mzee Saburi sasa alikuwa amelala kitandani, kifua kimechoka na macho yamezimika kwa mng'ao wa majaruba, na waganga walikuwa wameacha kumpa dawa wakaanza kumpa pole. Lakini roho yake ilikuwa imeng'ang'ania jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa dogo hata mtu angeona haya kulitaja mbele ya mauti.

Katika ujana wake, mwaka wa mwisho kabla ya sheria ya saa, Saburi alisoma kitabu katika Kasri. Kilikuwa habari ya ndugu wawili. Mkubwa, kwa tamaa ya shamba la marehemu baba yao, alimfukuza mdogo akaenda zake nchi ya mbali. Mkubwa alipozeeka moyo ukamwuma, akafunga safari kwenda kuomba msamaha. Akavuka mito, akaugua, akaibiwa, akafika mwisho mbele ya nyumba ya nduguye. Akabisha hodi. "Mlango ukafunguliwa," ndivyo kitabu kilivyosema, "na aliyesimama mbele yake alikuwa..." Hapo ukurasa ulikwisha, na hapo mtu wa Kasri akamgonga Saburi begani akasema wanafunga kwa matengenezo. Matengenezo yenyewe yalikuwa sheria ya saa. Saburi hakuingia tena.

Tangu siku hiyo alijiuliza ni nani aliyefungua mlango. Aliwasimulia watoto, watoto wakasimulia wenzao, na mtaa mzima wa Jashoni ukagawanyika. Wengine walisema ni mdogo mtu mwenyewe, na panga mkononi. Wengine walisema ni mjane wake, maana mdogo amekwisha kufa. Watu waliposhika mipini ya kukwangulia chumvi walibishana juu ya mlango ule. Walioana wakibishana, wakatalikiana wakibishana. Mzee Saburi mwenyewe alikuwa upande wa mjane.

Siku moja alimwita binti yake akamwambia, "Mwanangu, nitakufa. Hilo halinitishi, kila aliyezaliwa ana siku yake. Lakini nikifika huko nikaulizwa, 'Saburi, duniani ulibakiza nini?' nitasema nimemwacha mtu mlangoni."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nimemwacha amesimama, Shauku. Mzee mwenzangu. Miguu inamwuma."

Asubuhi yake, jua likiwa zuri na chumvi iko tayari kukwanguliwa, Bi Shauku alitua mpini wake, akajifunga kanga, akashika njia ya Komeoni. Jirani yake, Bi Kejeli, ambaye ulimi wake ulikuwa na makali kuliko magadi, alimwita kutoka jarubani.

"We Shauku! Siku kavu kama hii unaacha chumvi unakwenda wapi? Umepata mchumba?"

"Naenda Kasrini."

"Toba! Afadhali mchumba. Mchumba akikufungia mlango, utaingilia dirishani."

Kasrini alimkuta Bwana Hadhari mwenyewe amekaa nyuma ya meza. Hadhari alimtazama mikono. Mikono ya watu wa chumvi ina nyufa, na ndani ya nyufa mna weupe usiotoka kwa maji wala sabuni.

"Umetunza, mama?" aliuliza Hadhari kwa adabu.

"Nimetunza, bwana. Nimekuja kutaka kitabu cha ndugu wawili."

"Eleza kilichomo."

Shauku alieleza. Alieleza shamba na ugomvi, mito na maradhi, hata rangi ya punda aliyeibiwa, kwa maneno yaleyale aliyoyanywa na maziwa ya mamaye, hata karani mmoja aliyekuwa anapangusa rafu akasahau kupangusa. Hadhari alikileta kitabu, akakiweka mezani ili kuhakiki jalada, naye akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Hakika unakijua, mama. Huna haja nacho."

"Sikijui chote, bwana. Sijui aliyefungua mlango ni nani."

"Kumbe hukijui. Huna haki nacho."

"Bwana wangu, basi mwenye kukisoma ni nani?"

Tangu Hadhari apewe ufunguo hakuna aliyemwuliza swali hilo, na jibu lake alilitafuta kwanza darini kisha sakafuni. Alipokuwa akilitafuta, Shauku akanyoosha mkono, akakifungua kitabu, akapekua upesi hadi karibu na mwisho, na kiganja chake kikatua juu ya karatasi. Hadhari alipiga ukelele, kitu ambacho hakikupata kusikiwa ndani ya Kasri, akakinyakua. Juu ya ukurasa palibaki alama ya kiganja, nyeupe ya chumvi, vidole vyote vitano.

Shauku alishtakiwa kwa kosa la kupora maana. Adhabu yake ilijulikana: yeye na mtaa wake wote wasikanyage ngazi za Kasri daima, wala watoto wa watoto wao. Jashoni palizizima. Watu ambao hawakupata kuingia Kasrini walilia kama waliokwisha kufukuzwa humo, maana mlango uliofungwa kwa saa una matumaini yake, bali uliofungwa kwa hukumu hauna.

Baraza liliwekwa uani mwa Kasri lenyewe, ili kitabu kisisafirishwe. Hakimu aliitwa Insafu, mama wa makamo, mnene, mwenye subira ya mtu aliyelea wengi. Watu wa Jashoni walikuja wote, chumvi wakaiachia ndege, na Mzee Saburi akabebwa na kitanda chake akawekwa mbele, kwa kuwa alitajwa kama chanzo cha uovu.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Hadhari akiinua kitabu kilichofungwa kwa hariri, "mwanamke huyu alitia jicho ndani ya kitabu cha umma bila kustahili. Ithibati ni kiganja chake. Kitabu hiki kilikuwa kizima tangu enzi ya babu zetu. Leo kimepungua."

"Kimepungua kiasi gani?" aliuliza Hakimu Insafu.

"Mheshimiwa?"

"Mwizi wa mtama huhukumiwa kwa mtama uliopotea. Huyu kaiba neno moja, au kaiba hadithi nzima? Siwezi kupima adhabu bila kupima hasara."

Hadhari alikikumbatia kitabu. "Kupima ni kusoma, mheshimiwa. Nasi tukisoma kitapungua zaidi."

"Basi soma polepole."

Watu wakacheka, na Bi Kejeli akasema kwa sauti, "Asome kwa jicho moja, hasara iwe nusu!"

"Bibi wewe, nyamaza," alisema hakimu, lakini kinywa chake hakikukaa sawa.

Basi Hadhari, kwa kuwa mikono yake ndiyo pekee iliyoapishwa, alifungua hariri, akafungua jalada, akaanza kusoma. Mwanzo alisoma kama mtu anayekanyaga mayai. Aliposoma ugomvi wa shamba, sauti yake ilipanda kidogo. Alipofika kwenye mito, mkono wake ulianza kuonyesha upana wa maji. Kaka mtu alipougua ugenini asiwe na wa kumpa hata uji, Hadhari alitua, akapenga kamasi, akasema kuna vumbi. Watu wa Jashoni, waliokuwa wakiyajua yote, waliyasikiliza kana kwamba hawakuyasikia kamwe. Midomo yao ikafuata maneno kimyakimya, na pale alipotajwa punda, mtoto mmoja akasema, "Wa kijivu," na Hadhari akasoma, "punda wa kijivu," uwanja mzima ukaguna kwa raha.

Akafika nyumbani kwa mdogo mtu. Kaka akabisha hodi. Mzee Saburi alijiinua kwa viwiko.

"'Mlango ukafunguliwa,'" alisoma Hadhari, "'na aliyesimama mbele yake alikuwa...'"

Wakati huohuo kivuli cha paa kiligusa lango. Hadhari alikiona. Mazoea ni kama mkondo wa maji, humpeleka mtu kabla hajanuia, naye akakifunga kitabu.

"Saa imekwisha," alisema. "Kasri limefungwa."

Zikalipuka kelele. Wazee walisimama, wanawake walipiga mayowe ya hasira, askari mmoja wa baraza akatupa kofia chini. Mzee Saburi hakupiga kelele. Alirudi kwenye mto wake taratibu, akaugeuza uso upande wa ukuta wa ua, na Shauku, aliyekuwa kizimbani, akamwona babake amekata tamaa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akaita, "Baba! Baba, ngoja!" Naye hakugeuka.

"Sheria ni sheria," alisema Hadhari. "Mheshimiwa unajua sheria ya saa."

Hakimu Insafu aliijua. Alikuwa amekwisha kushika kiti chake ili ainuke, uso umemwiva, maana na yeye alitaka kujua. Ndipo Bi Kejeli akapanda juu ya benchi.

"Mheshimiwa! Mtazame kidole!"

"Kidole cha nani?"

"Cha bwana mkubwa! Kakifunga kitabu, kidole kakiacha ndani!"

Macho yote yakageukia mikono ya Hadhari. Kweli. Kitabu kilikuwa kimefungwa, jalada limekutana na jalada, lakini katikati, mahali palepale pa mlango, kidole cha shahada cha Mtunza Mkuu wa Kasri kilikuwa kimebanwa, kinashika ukurasa. Hadhari mwenyewe alikitazama kwa mshangao, kama mtu aliyekuta mgeni sebuleni kwake.

"Bwana Hadhari," alisema hakimu kwa upole, "kidole hicho kinafanya nini?"

"Kinashika mahali, mheshimiwa."

"Kwa ajili ya nani?"

Hadhari akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kila siku, "Nataka kujua ni nani, mheshimiwa. Nimeishi na kitabu hiki miaka yote. Sikujua kama kina mlango."

"Basi baraza halijafungwa," alisema Insafu, akaketi. "Kivuli kikae langoni, nasi tukae hapa. Soma."

Hadhari alifungua. Alama ya kiganja ilikuwa pale, nyeupe, na maneno yalionekana chini yake bila hitilafu. Akasoma:

"'...alikuwa mtoto wa kike, na mwiko mkononi. Akamtazama mgeni juu hadi chini, akasema, Wewe ndiwe baba mkubwa. Baba alisema utakuja. Amekungoja mwaka hata mwaka, akachoka kungoja, akatoka mwenyewe kukufuata. Mmepishana njiani.'"

Katika ubishi wote wa Jashoni, tangu ujana wa Saburi hadi uzee wake, majarubani na vitandani, hakuna hata mtu mmoja aliyewaza hivyo.

Kisha kutoka kitandani ikatoka sauti kama kikohozi, wakadhani ndiyo mauti, Shauku akaruka kizimba asizuiwe na mtu. Lakini Mzee Saburi alikuwa anacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka katika macho yale yasiyoona.

"Wamepishana!" alisema. "Shauku, wamepishana! Nami nilisema mjane. Miaka yote nimewabishia watu, mjane, mjane!"

"Umeshindwa, mzee!" alipaza mtu mmoja.

"Nimeshindwa!" alisema Saburi kwa furaha kubwa. "Na wewe pia na panga lako!"

Hakimu Insafu aliwaacha wacheke, kisha akagonga meza. "Bwana Hadhari, rudia maneno hayo. Kuanzia mlango ukafunguliwa."

Hadhari akarudia. Yakawa yaleyale.

"Yamepungua?"

Hadhari aliuinamia ukurasa, akauleta karibu na pua, akauweka mbali. "Hayakupungua, mheshimiwa."

"Nami ninayo kichwani, na mama huyu anayo, na bibi yule mwenye ulimi anayo, na umati huu mzima unayo. Yaliyokuwa mahali pamoja sasa yako mahali pengi, na pale pa kwanza hayakutoka. Huo ni wizi wa ajabu. Mshtakiwa hana hatia. Na sheria ya saa naitengua: Kasri lifunguliwe watu wakitoka kazini, si wakiwa kazini, lifunguliwe siku za mvua, ndizo siku za watu kukaa ndani, na mlangoni msomaji asiulizwe anajua nini, aulizwe anataka kujua nini. Mikono apanguse."

"Na jua?" aliuliza yule karani wa kupangusa rafu, aliyekuwa akitazama juu. "Mheshimiwa, vilivyopauka vyote vinakaa dirishani."

"Basi wekeni pazia," alisema hakimu, "maana pazia huzuia jua bila kuzuia watu."

Watu walianza kuinuka, wakikung'uta nguo, wakipeana mikono. Hadhari alikuja hadi kitandani, kitabu kifuani, akainama kwa heshima.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Umepata ulichokitaka. Sasa utapumzika."

Mzee Saburi akageuza uso wake upande ilikotoka sauti, akakunja kipaji.

"Nipumzike vipi? Yule aliyetoka kumfuata nduguye, amerudi?"

Hadhari alikitazama kitabu. Baada ya ukurasa wa mlango zilibaki kurasa nyingine, si nyingi, lakini zilikuwapo. Waliokuwa wameinuka wakasimama walipo, kisha mmoja mmoja wakaanza kuketi, na wa langoni wakarudi. Shauku alimwinua babake, akampangia mto mgongoni. Hakimu Insafu alivua kilemba chake cha hukumu akakipakata. Bwana Hadhari aliketi ukingoni mwa kitanda cha mvuna chumvi, akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya; na kabla hajaanza, aliinua kichwa, akaipaza sauti ambayo maisha yake yote ilikuwa ya kunong'ona:

"Wa nyuma huko, mnasikia?"